Chambo, Harufu na Maradhi ya Ayala Mkia-Mweusi

Katika misitu ya pwani ya magharibi ya Marekani, mvua za mwezi wa Novemba zinapokuwa zimekwisha kulowesha majani yaliyopukutika, mwindaji huweza kuonekana akimwaga debe la matufaha kando ya njia ya wanyama. Hupaka matone ya mkojo uliohifadhiwa chupani juu ya kijiti, kisha hupanda jukwaa alilolifunga mtini akangoja. Anayengojewa ni ayala mkia-mweusi. Katika baadhi ya majimbo desturi hiyo ilikuwa halali kwa miaka mingi. Katika mengine, kama California, kuwinda kwa chambo kumepigwa marufuku. Ubishi juu yake ulikuwa zaidi wa adabu ya uwindaji: je, ni haki kumpiga mnyama risasi hali ameinamia chakula alichoandaliwa? Hivi sasa ubishi huo umeingia katika maabara za uganga wa mifugo na wanyama wa mwituni.

Ayala, jina ambalo wasomaji wengi wamelikuta katika Zaburi, hana makao ya asili katika Afrika ya Mashariki. Kwa umbo hufanana kidogo na kulungu wetu, lakini pembe zake zina matawi, huota kwa madume tu, nazo huanguka na kuota upya kila mwaka. Ayala mkia-mweusi ni tawi la spishi ya ayala mwenye masikio makubwa mfano wa baghala, ambaye ameenea katika sehemu kubwa ya magharibi ya bara la Amerika ya Kaskazini. Yeye amejichagulia ukanda wa Pasifiki: kuanzia California, kupitia Oregon na Washington upande wa magharibi wa safu ya milima ya Cascade, hadi British Columbia nchini Kanada; na ndugu yake wa karibu yuko kusini-mashariki mwa Alaska. Hukaa katika vichaka vizito, hutembea zaidi alfajiri na machweo, na aghalabu hazunguki mbali. Mtu aweza kuwinda majuma kadhaa katika bonde lenye ayala wengi asiuone hata mkia mmoja. Ndiyo maana chambo kikapendwa.

Mnyama huyu huweza kuvutwa kwa njia mbili, kinywa na pua. Tuanze na kinywa. Ayala ni mcheuaji kama ng'ombe, na chakula chake humeng'enywa na vijidudu visivyohesabika vilivyomo katika chumba cha kwanza cha tumbo. Vijidudu hivyo hubadilika taratibu kufuatana na majira: wakati wa baridi vilivyo vingi ni vile viwezavyo kuvunja vijiti na majani magumu. Ayala wa hali hiyo akikuta lundo la mahindi na kula hadi ashibe, wanga huchachuka kwa kasi, asidi ya laktiki hujaa tumboni, na mnyama huweza kufa akiwa na tumbo lililojaa chakula. Huruma ya mtu anayewamwagia ayala nafaka wakati wa theluji imeua wengi kwa namna hiyo.

Chumvi nayo ina majira yake. Majani machanga ya masika yana maji mengi na potasiamu nyingi, lakini sodiamu kidogo. Kwa hiyo mwili hupoteza sodiamu na mnyama huitafuta kwenye udongo wa chumvi. Haja hiyo hupungua kadiri mwaka unavyosonga mbele. Mwindaji anayeweka jiwe la chumvi wakati wa vuli, basi, mara nyingi huwa ameuweka mtego wake miezi kadhaa baada ya wakati.

Habari ya pua ni ya ajabu zaidi. Ayala mkia-mweusi ni mmoja wa wanyama ambao lugha yao ya harufu ilichunguzwa mapema na kwa makini. Mwaka 1969 wanasayansi, miongoni mwao Dietland Müller-Schwarze, walitangaza kwamba wameitenga kemikali iliyo kuu katika harufu ya kishungi cha nywele kilicho upande wa ndani wa kifundo cha mguu wa nyuma wa dume. Ilikuwa ni laktoni, kemikali ya jamii ya zile zinazoyapa baadhi ya matunda manukato yake. Baadaye ikadhihirika kwamba laktoni hiyo hutoka katika mkojo: mnyama hujikojolea juu ya vishungi vyake huku akivisugua, na nywele, ambazo zimeumbwa mahsusi kwa kazi hiyo, huyanasa mafuta yenye harufu. Katika maelezo yake ya mwaka 1971 Müller-Schwarze alionyesha kuwa kila tezi ina kazi yake. Harufu ya kishungi husaidia ayala kutambuana. Ile ya tezi ya upande wa nje wa mguu hutolewa wakati wa hofu. Paji la uso husuguliwa kwenye vijiti ili kuacha alama. Kitendo kile kile cha kujikojolea na kusugua, kikifanywa na mtoto, ni kilio cha kuomba msaada. Kikifanywa na mkubwa, ni kitisho.

Mwenye kununua chupa ya mkojo dukani hanunui mwito wa mapenzi peke yake, bali kipande cha mazungumzo kilichokatwa mwanzo na mwisho. Tena bakteria huivunja urea iliyomo na kuifanya amonia, hata harufu iliyomo chupani ikawa si ile iliyotoka kwa mnyama. Dume akiwa katika majira ya kupandana huenda akaja kuinusa, akainua mdomo wa juu na kuipeleka harufu kwenye kiungo maalumu kilicho juu ya kaakaa. Huenda pia akapita zake.

Wasomaji wa Kenya watakumbuka kwamba huko Nguruman, katika miaka ya 1980, mitego ya mbung'o ilitiwa asetoni na mkojo wa ng'ombe ili kuwavuta wadudu hao. Kanuni ni moja, ila tofauti ni kubwa. Mbung'o aliyevutwa hufia mtegoni. Ayala waliovutwa, isipokuwa yule mmoja aliyepigwa, hurudi msituni wakiwa wamekwisha kugusana pua na kulambana mate juu ya tufaha moja.

Hatari ya jambo hilo si ya kubuni. Mwaka 1993 homa ya kutokwa damu iliyoletwa na adenovirusi iliua ayala wanaokisiwa kuzidi 1,000 huko California, na watoto ndio walioumia zaidi. Virusi hivyo huambukizwa kwa kugusana na kwa majimaji ya mwili. Lakini ugonjwa unaotisha kupita wote ni ule wa kukonda polepole na kuoza ubongo. Ulionekana kwanza mwaka 1967 katika ayala waliofugwa kwa utafiti huko Fort Collins, Colorado. Mwaka 1978 ukatambuliwa kuwa ni wa kundi la magonjwa yanayoufanya ubongo uwe na matundu kama sifongo, na Elizabeth Williams na Stuart Young wakaueleza katika makala yao ya mwaka 1980. Chanzo chake si bakteria wala virusi, bali ni prioni, yaani protini iliyokunjika vibaya na kuwakunja wenzake vivyo hivyo. Stanley Prusiner, aliyetunga jina hilo mwaka 1982, alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1997.

Ayala aliyeambukizwa huweza kuishi mwaka mmoja na nusu au zaidi akionekana mzima, huku akitoa prioni katika mate, mkojo na kinyesi. Hakuna chanjo wala dawa, na kila aliyeugua hufa. Udongo, hasa wa mfinyanzi, hushika prioni na kuzihifadhi kwa miaka. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2004, ayala wazima waliambukizwa walipowekwa ndani ya zizi lililokuwa na ayala wagonjwa zaidi ya miaka 2 kabla yake. Jiwe la chumvi laweza kuondolewa, lakini udongo ulionyonya chumvi hiyo hubaki, na ayala huendelea kuja kuulamba.

Hata mkojo wa chupani umeingia katika shaka, kwa sababu hukusanywa kutoka kwa ayala waliofugwa, na tone moja huweza kusafirishwa kupita majimbo kadhaa. Alaska na Oregon zimekataza mkojo wa asili wa wanyama wa jamii hiyo. Washington kwa miaka kadhaa ilimruhusu mwindaji kuweka chambo kisichozidi galoni 10. Ugonjwa ulipogunduliwa huko mwaka 2024 karibu na Spokane, sheria ikakazwa. Mwaka huo huo uligunduliwa California na British Columbia pia.

Mpaka sasa haijathibitishwa kwamba ugonjwa huo umempata binadamu yeyote, lakini wakuu wa afya nchini Marekani hushauri kwamba nyama ya mnyama aliyethibitishwa kuwa nao isiliwe. Kwa hiyo katika maeneo yanayochunguzwa mwindaji hukipeleka kichwa cha ayala wake kwa wataalamu, ambao hukata tezi za limfu za kooni na kuzipima, naye huiweka nyama katika jokofu akisubiri majibu.