Unaanza kuwinda? Chagua nguo vizuri mbele ya kuingia pori

Kijana mwenye anaanza kuwinda anafikiri kwanza mambo ya nyavu, mbwa, mitego ao bunduki. Nguo anaziweka mwisho. Mwingine anachukua jinzi ya zamani na kandambili, anasema inatosha. Mwingine anaenda ku soko kutafuta koti ya mabaka-mabaka sawa ya askari, kwa sababu ameona wawindaji wa Ulaya ku simu wanavaa vile. Hapa kwetu Ituri, wa kwanza atarudi na baridi na miiba. Wa pili anaweza kukosa kurudi.

Ndiyo maana tunaeleza hapa namna ya kuchagua nguo za pori kwa mutu mwenye hana franga mingi, mwenye ananunua ku Soko Kuu ya Bunia ao kwa wauzishaji wa balo hapa Saio.

Neno moja kwanza. Nguo nzuri haibadilishi sheria. Katika inchi yetu kuwinda kunaongozwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mai 1982, na ulinzi wa viumbe unaongozwa na sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014. Ruhusa inaombwa mbele ya kuingia pori, na kuna nyama zenye haziguswe hata kidogo: okapi, tembo, sokomutu. Ukielekea Mambasa, ujue pia kama Hifadhi ya Okapi, yenye iliundwa mwaka 1992 na kuingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1996, ina masharti yake. Uliza ofisi ya mazingira na shefu wa eneo mbele ya kuuliza bei ya bote.

Rangi: watu watakuona mbele ya nyama

Tangu tarehe 6 Mai 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa dharura wa kijeshi, ule watu wanaita "état de siège". Kuna askari ku barabara, kuna makundi yenye silaha katika vijiji na katika pori, na kuna raia wenye wamechoka na woga. Mutu mwenye anatoka katika majani saa kumi na mbili za asubui, amevaa nguo ya mabaka, bote ku miguu na mufuko ku mugongo, nani atamuuliza jina lake kwanza? Askari anaweza kumuona kama muasi. Muasi anaweza kumuona kama askari. Mama mwenye anaenda ku shamba atakimbia na kupiga kelele, kijiji chote kitasimama.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: usivae kitu chenye kinafanana na sare. Sheria ya Congo inakataza raia kuvaa sare ya jeshi ao ya polisi. Katika balo, yaani mitumba, kunatoka pia nguo za majeshi ya inchi za mbali. Muuzishaji atakuambia "hii haiko ya FARDC, ni ya Ulaya". Usimusikilize. Usiku, ku barriere, hakuna mutu atasoma etiketi ya koti yako. Hata ngambo ya ziwa, Uganda, kwenye biashara mingi ya Bunia inatoka, raia haruhusiwe kuvaa nguo za mabaka za jeshi.

Wengi watajibu: lakini bila mabaka nyama itaniona! Si vile. Mboloko, swala na wengi wenye kwato hawaoni rangi sawa sisi. Kwao nyekundu na kijani havitofautiane sana. Kile chenye kinawashitua ni mutu kutikisika, kelele, na harufu yenye upepo unabeba. Nyani njo wanaona rangi karibu sawa mutu, lakini wengi wao wanalindwa, na nyama yao inaweza kubeba magonjwa. Usijenge uwindaji wako juu yao.

Basi chukua rangi moja ya kimya: kahawia, kijivu, rangi ya udongo, ao nguo yenye imepauka. Achana na kijani ya jeshi. Achana na mifuko mikubwa ku mapaja na mikanda ku mabega, kwa kuwa kutoka mbali umbo la nguo linasema sawa rangi. Epuka pia buluu nzito na nyeusi: mbung'o, ile inzi yenye kuleta malale, inavutwa na rangi hizo mbili. Mitego ya kumukamata inatengenezwa na kitambaa cha buluu na cheusi juu ya sababu hiyo.

Kama muko wengi na kuna bunduki katika kundi, ongeza kitambaa cha rangi ya machungwa ku kofia ao ku kifua. Katika sehemu nyingi za Marekani muwindaji analazimishwa na sheria kuvaa rangi hiyo, ili mwenzake asimupige akifikiri ni nyama. Kipande cha jile ya zamani ya motari kinatosha. Rangi hiyo inasema kitu kingine tena: huyu mutu hajifiche.

Kitambaa: mvua ya Ituri haiombe ruhusa

Bunia iko ku milima, zaidi ya meta 1,200. Jioni kuna baridi, mchana jua linapiga, na upepo unakausha nguo haraka. Ukishapita Komanda kuelekea Mambasa, unashuka katika pori kubwa lenye unyevu. Kule hata kama mvua haijanyesha, majani yanakumwangia maji tangu asubui. Kiangazi kati ya Desemba na Februari kinapunguza tu, hakimalize.

Jinzi ni nguo ya kutembea muji. Ikilowana inakuwa nzito, inakwangua mapaja, na itakauka kesho kutwa. Pamba kwa jumla ni vile: inakunywa maji na kuyashika, na usiku inakuibia joto. Polyester na vitambaa vya kuchanganya vinakauka haraka na ni vyepesi, lakini cheche moja ya moto inavitoboa, na vikiyeyuka vinashika ku ngozi. Usikae karibu sana na moto umevaa vile.

Kwa anayeanza, patalo ya kitambaa cha kuchanganya, yenye haikubane ku magoti, inatosha. Juu uvae shati la mikono mirefu, kwa kuwa mikono mirefu inazuia miiba, upupu na mbu. Katika mufuko uweke pulovere moja ya sufu. Sufu inajulikana kwa jambo hili: hata ikilowana kidogo inaendelea kukupa joto. Katika balo pulovere za sufu ziko mingi, na bei haiko kali, sababu watu wanazikataa wakisema zinawasha.

Koti ya mvua uichague kwa macho na kwa masikio. Zile za plastike nyepesi zinapiga kelele kwa kila hatua na zinapasuka ku mwiba wa kwanza. Koti ya kitambaa chenye kimepakwa dawa ya maji ndani ni bora, hata kama imetumiwa.

Namna ya kupima ku soko

Usinunue nguo ya pori kwa kuiangalia tu imetundikwa. Fanya hivi:

Geuza nguo ndani. Angalia mushono ku matako, ku makwapa na ku magoti. Mushono wa mistari miwili ni muzuri kuliko wa mustari moja. Vuta kwa mikono miwili. Kama unaona mwanga kati ya nyuzi, acha.

Inua kitambaa kuelekea jua. Kama fasi moja inapitisha mwanga kuliko zingine, ni pale kitapasuka.

Fungua na kufunga tireti mara tano. Tireti yenye inashika ku soko itashika zaidi ikiwa na matope. Vifungo vikubwa ni bora: unavifunga hata vidole vikiwa na baridi.

Kwa koti ya mvua, omba maji kidogo ya chupa. Tone likisimama juu sawa ushanga, muzuri. Likiingia, ile ni koti ya baridi tu. Kisha sugua ndani kwa kidole: kama dawa inatoka sawa maganda ya kitunguu, koti imezeeka.

Chuchumaa. Inua mikono. Ruka kamuti ka kuwaza. Nguo yenye inakukataza kuchuchumaa ku soko itakukataza kupita chini ya matawi.

Kama kosa ni dogo, pigia hesabu fundi wa cherehani. Kitambaa kigumu juu ya magoti, kipimo cha chini kukunjwa vizuri, kifungo kipya: mara mingi hayo yanakuwa na bei chini kuliko kununua nguo ingine.

Miguu: hapa usifinye franga

Kama una franga ya kitu kimoja tu, nunua bote. Nyoka wengi wanauma ku kikanyagio na chini ya goti. Piri analala kimya kati ya majani makavu, na rangi yake inafanana nayo. Unamuona kisha umemukanyaga. Bote ya mupira haizuii kila jino, lakini inazuia mingi, pamoja na miiba, siafu na funza. Tena kuna wale nzi wadogo weusi wa mito yenye inakimbia. Wanauma mchana, wanapenda sana miguu, na njo wanaleta ugonjwa wa upofu wa mito, wenye unajulikana hapa Ituri.

Chagua bote yenye inafika karibu na goti. Ikunje ku kifundo: kama nyufa ndogo zinajitokeza, mupira umekauka. Ingiza mukono ndani usikie kama kuna fasi yenye kuvimba. Chini, meno yawe marefu, sababu soli laini ku matope ya Ituri ni sawa kukanyaga sabuni. Enda kununua jioni, wakati miguu imevimba kidogo kwa kutembea, na ubebe soseti zako nzito. Kidole kimoja kiweze kuingia nyuma ya kisigino. Bote yenye inabana leo itatoa malengelenge kesho, na katika pori lengelenge ni kidonda.

Wakati wa jua, ingiza patalo ndani ya bote. Wakati wa mvua kubwa, itoe nje, sivyo maji yatashuka ku patalo na kujaza bote. Asubui, mbele ya kuvaa, geuza bote na kuipiga chini. Nge na nyoka wadogo wanapenda lala mule.

Kelele na harufu

Wambuti wa Ituri wamewinda na nyavu tangu zamani, wakivaa kidogo sana. Nguo ya magamba ya muti yenye kupondwa ilikuwa laini na bila kelele. Somo ni lile lile leo: nguo isipige "shwa-shwa" ukitembea, isishike ku nyavu, na isinuke marashi. Fua mbele ya safari na sabuni ya kawaida, bila manukato. Funguo na sarafu ufunge ndani ya kitambaa.

Ukirudi nyumbani, kazi haijaisha

Nguo za uwindaji zisichangane na nguo za watoto. Kupe na viroboto wanarudi na wewe, na Ituri ni moja ya fasi za dunia kwenye tauni, ugonjwa wa viroboto vya panya, bado unatokea. Chemusha maji, mwangia juu ya nguo, kisha fua.

Damu ya nyama uitazame sawa hatari. Tunakumbuka Ebola yenye ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, na Kivu ya Kusini kidogo: wagonjwa 3,470, vifo 2,287. Kirusi hicho kinaweza kuingia kwa mutu kwa kugusa nyama mugonjwa. Usiokote nyama umeikuta imekufa ao inayumba. Ukichuna, vaa glovu na kitambaa cha plastike mbele ya tumbo, na mikono yenye vidonda isiguse.

Mwisho, usianike nguo chini ku majani. Kuna nzi mwenye anataga mayai ku nguo zenye unyevu, na funza wake anaingia ku ngozi. Anika ku kamba juani, kisha piga pasi pande zote mbili, hata ku mishono. Joto la pasi linaua mayai.

Uanze na nini?

Kama franga ni kidogo, fuata mupango huu: kwanza bote na soseti mbili, kisha patalo na shati la mikono mirefu la rangi ya udongo, kisha koti ya mvua, na mwisho pulovere. Nguo za mabaka haziko ku orodha hii, hata kama wanakupa bure.

Na siku ya kwenda, beba karte ya mupiga kura ndani ya plastike isilowane. Ambia jamaa na shefu wa kata unaenda upande gani, muko wangapi, mumevaa rangi gani na mutarudi lini. Kama wanakuambia upande ule kuna masasi, tundika nguo ku musumari. Mboloko watakuwako wiki ijayo.