Mtaala Husomwa Karakanani

Mtaala wa shahada mpya ya usanifu unapofika mezani kwangu huwa kitabu kinene chenye falsafa ya programu, dira ya chuo na aya ndefu kuhusu uchumi wa ubunifu. Nikipewa kazi ya kuuhakiki, naanzia nyuma, kwenye jedwali la saa. Huko ndiko chuo kinakosema ukweli wake bila kukusudia.

Katika vyuo vikuu vya Kenya kozi moja kwa kawaida hupimwa kwa saa 45 za mhadhara. Saa 1 ya mhadhara ni sawa na saa 2 za majadiliano ya vikundi, au saa 3 za vitendo. Kwa hiyo kozi ya studio ikihesabiwa kihalali hubeba saa 135. Zigawe kwa majuma 15 ya semesta, unapata saa 9 kila juma. Kozi hiyohiyo ikiandikwa kama mhadhara inabaki na saa 3, na katika saa 3 mwanafunzi wa usanifu wa bidhaa ataupima ubao, atachora mistari na kukata kipande kimoja kabla ya kuambiwa afagie, darasa lingine linasubiri mlangoni. Hatafika kwenye kuunganisha, kugundua kwamba kiti kinayumba, kukibomoa na kuanza upya. Somo lenyewe limo katika kule kubomoa.

Sasa tufanye hesabu ambayo mwenye kuandaa mtaala mara nyingi huikwepa. Tuseme chuo kinataka kupokea wanafunzi 60 kwa mwaka, na kila semesta wana kozi 2 za studio. Kila mwanafunzi anahitaji saa 18 za studio kwa juma. Chumba kina meza 20, basi darasa linagawanywa makundi 3, na chumba kinahitajika kwa saa 54. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, bila mapumziko ya chakula, juma zima lina saa 45. Chumba hicho hakiwatoshi hata wanafunzi wa mwaka wa kwanza peke yao, na wa pili, wa tatu na wa nne bado hatujawagusa. Chuo kinachoandika "studio 1, ipo" kwenye orodha ya rasilimali hakijasema uongo, ila kimetuachia sisi wahakiki kazi ya kuzidisha.

Safari ya mtaala ni ndefu. Idara huuandika, wadau huitwa kuujadili, kitivo huupitia, seneti ya chuo huupitisha, kisha hupanda hadi Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, yenye makao yake Red Hill Road, upande wa Gigiri. Tume hiyo iliundwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, ikachukua nafasi ya Tume ya Elimu ya Juu iliyokuwapo tangu 1985. Wataalamu wa fani husika huteuliwa kuusoma mtaala, na vifaa hukaguliwa chuoni.

Ukaguzi huo nauthamini kuliko kurasa zote. Nakumbuka chuo kimoja ambacho orodha yake ilitaja tanuri ya kuchomea vyungu, na mbele yake neno "inafanya kazi". Tulipoingia karakanani tuliikuta kona ya ndani, nailoni ya kiwandani bado imeifunika, vumbi limetanda juu. Msimamizi wa karakana, mzee mpole mwenye kitambaa begani, alisubiri wakubwa wake watangulie nje, ndipo akaniambia taratibu, "Daktari, hii hatujawahi kuiwasha. Umeme wa hili jengo hauiwezi." Alikuwa amechoka kuificha siri isiyo yake. Tuliandika kwamba tanuri iwashwe na chungu kichomwe kabla ya mwanafunzi yeyote wa ufinyanzi kupokewa, na sijapata kujuta kwa sharti hilo.

Kwa usanifu jicho la Tume lina uzito wa pekee. Anayesomea usanifu majengo ana Bodi ya kusajili wasanifu majengo na wakadiriaji gharama, na hata akimaliza chuo ataikuta mlangoni. Bodi za taaluma na Tume zimevutana miaka mingi juu ya nani mwenye kauli ya mwisho kuhusu mitaala, na marekebisho ya sheria ya 2016 yakaipa Tume kauli hiyo. Ila mbunifu wa nguo, wa grafiki au wa bidhaa hana bodi ya kisheria inayomsajili. Mtaala mbovu ukipita Gigiri, hakuna mlango wa pili wa kuuzuia. Atakayeugundua ubovu wake ni mwajiri, miaka 4 baadaye, wakati mzazi ameshauza shamba.

Kuna sharti jingine linaloniumiza kichwa. Mwaka 2014 Tume ilitoa vigezo vya kuajiri wahadhiri, shahada ya uzamivu ikawa ndiyo kipimo, na waliokuwa kazini wakapewa miaka 5 ya kujipanga. Naelewa nia yake: vyuo vilikuwa vimefunguliwa kama vibanda, na wengi wakifundisha wasichokijua. Lakini usanifu ulianza Nairobi kwa watu wa namna nyingine. Katikati ya miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipokuwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Selby Mvusi, msanii kutoka Afrika Kusini, na Derek Morgan walijenga kozi ya msingi iliyomtaka mwanafunzi autazame upya ulimwengu anaoishi kabla ya kuuchorea chochote. Mvusi alifariki katika ajali ya gari mwaka 1967, kazi ikiwa bado mbichi. Gregory Maloba, mchongaji wa Mnara wa Uhuru wa Kampala wa 1962, alitoka Makerere akaja kuiongoza idara ya usanifu hapa. Heshima ya Maloba ilisimama juu ya mikono yake. Mtaala mpya unaomfungia nje mtu wa aina hiyo umejinyima mwalimu, kwa hiyo mimi huangalia kama chuo kimeacha nafasi ya fundi bingwa kuingia studio na kulipwa kwa heshima, hata kama mitihani itasimamiwa na mwenye uzamivu.

Mafundi hao hawako mbali. Ukishuka kutoka jengo la usanifu la Chuo Kikuu cha Nairobi hadi River Road, utawakuta vijana wa uchapaji wanaojua kwa kugusa tu ni karatasi gani itakunywa wino. Ukielekea magharibi kwa Ngong Road, maseremala wamepanga vitanda na sofa kandokando ya barabara, na mteja akileta picha kwenye simu wanaikadiria mbao papo hapo. Kila mtaala mpya hubeba utafiti wa mahitaji ya soko. Tafiti nyingi nilizosoma zimewahoji mameneja wa ofisi za Westlands na Upper Hill. Seremala wa Ngong Road, anayeajiri, anayenunua malighafi na anayejua kiti kipi hurudishwa na mteja na kwa nini, sijawahi kumkuta katika jedwali hata moja.

Haraka yangu inatokana na kalenda. Watoto wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, baadhi wakiwa wamechagua mkondo wa sanaa na michezo. Watafika chuo kikuu mwaka 2029, na mfumo wao unaihesabu elimu ya chuo kuwa miaka 3. Shahada ya miaka 4 yenye kozi 2 za studio kila semesta ina saa 2,160 za vitendo. Ikiwa miaka 3, zinabaki 1,620. Saa 540 zimeondoka. Kuna njia za kuzirudisha: mafunzo kazini yanayosimamiwa kweli, au likizo ndefu igeuzwe muhula wa karakana. Njia rahisi ni kuziacha zipotee na kubadilisha jalada la mtaala.

Mitaala hiyo inapaswa kuandikwa kuanzia sasa. Ombi langu kwa wakuu wa idara ni dogo: andikeni jedwali la saa kwanza, mkiwa mmesimama ndani ya karakana yenyewe, na msimamizi wake akiwa nanyi.