Nywila Ilikuwa Sahihi: Chunguza Mtandao Kabla ya Kumshuku Mwenzio

Jumatano moja baada ya sala ya alasiri niliitwa kusuluhisha ugomvi katika nyumba moja ya ghorofa hapa Mombasa. Nyumba hiyo inakaliwa na familia tatu za ukoo mmoja, na kwa miaka kadhaa wamekuwa wakichangiana gharama ya intaneti. Ruta ni moja, imetundikwa penye ngazi, na kila mlango hupata sehemu yake. Nilidhani nakwenda kusikia habari za bili. Kumbe shauri lilikuwa la nywila.

Mama wa ghorofa ya kati hushona sare za wanafunzi, na wateja humwandikia kwa barua pepe yenye jina la biashara yake. Skuli moja ilimwahidi oda, ikamtaka athibitishe bei kabla ya Alhamisi. Lakini tangu Jumatatu, kila alipofungua barua pepe simu ilimjibu kwamba nywila si sahihi. Aliiandika upya herufi kwa herufi, na jawabu likawa lile lile. Akakumbuka kwamba wiki iliyotangulia wifi yake wa ghorofa ya chini aliazima kompyuta yake. Moyo ukamwambia kuwa ni yeye aliyeibadilisha. Maneno yakatoka, yakajibiwa, na nilipofika, wanawake wawili waliozoea kula sinia moja walikuwa hawaamkiani.

"Wallahi sijagusa kitu, Sheikh," alisema wifi mtu, machozi yakimlengalenga.

"Sheikh, simu yenyewe imesema," alijibu mwenziwe. "Simu nayo itamsingizia mtu?"

Nilimwomba mama afanye jambo moja tu: azime waifai, awashe data ya simu, kisha afungue barua pepe kwa nywila ile ile. Barua zikaingia, na ya skuli ikiwa miongoni mwao. Nywila haikubadilishwa na mtu yeyote. Kilichokataliwa ni njia aliyopitia. Kosa lilikuwa la waifai, aliyehukumiwa ni wifi.

Ili tuelewe lililotokea, tutazame sanduku la posta. Walimu na wanafunzi wa skuli nzima huweza kutumia S.L.P. moja. Mtu mmoja akituma barua za matusi kutoka sanduku hilo, mpokeaji asiyewajua wahusika ataamua kutopokea tena barua yoyote yenye namba ile, na wasio na hatia wataingia katika adhabu. Ruta ya nyumbani hufanya kazi kama sanduku hilo. Simu, kompyuta na televisheni zote za nyumba hutoka nje kwa anwani moja ya IP, na seva ya barua pepe huiona nyumba nzima kama mtu mmoja. Zaidi ya hayo, anwani za IP za mfumo wa zamani, ambao bado unatumika sana, hazizidi bilioni 4.3 kwa dunia nzima. Kwa sababu ya uhaba huo, kampuni nyingi za intaneti huwaweka wateja wengi, wasiojuana kabisa, nyuma ya anwani moja.

Seva nazo zina mabawabu wake. Wezi wa mtandao hujaribu nywila nyingi mfululizo, kwa hiyo bawabu huhesabu makosa yanayotoka katika kila anwani. Fail2ban, programu ya ulinzi inayotumika sana kwenye seva, kwa mpangilio wake wa kawaida huifungia anwani mlango kwa dakika 10 ikikosea mara 5 ndani ya dakika 10. Dakika 10 si nyingi, lakini kifaa kisichochoka kubisha hufungiwa upya kila mara.

Na kwa nini simu isiseme wazi kwamba mlango umefungwa? Sababu ni mbili. Baadhi ya seva hazipendi kumweleza mwizi kwamba amegunduliwa, basi humpa jibu la kukosea nywila. Na baadhi ya programu za barua pepe, zikikataliwa kwa sababu yoyote ile, huomba nywila upya kwa kuwa hazijui la kufanya zaidi ya hilo. Kwa hiyo ujumbe huo ni dhana ya programu tu, na dhana si ushahidi.

Katika nyumba ile tulianza kutafuta ni kifaa gani kilichokuwa kikibisha. Mtoto akaleta tableti ya zamani ambayo wadogo huitazamia katuni. Ndani yake mlikuwa na akaunti ya barua pepe ya mama, na nywila aliyoiacha tangu Ramadhani. Mama mwenyewe aliibadilisha wakati ule na akaisahau tableti, nayo kila baada ya dakika chache ilijaribu kuingia kwa nywila iliyokwisha muda wake. Tuliizima, tukangoja hadi baada ya magharibi, na barua zikafunguka kwa waifai kama kawaida.

Ndugu zangu, hasa mama zetu mnaoendesha biashara kwa simu, likiwafika jambo hili fuateni utaratibu ufuatao.

Kwanza, msiandike nywila mara kumi kwa hasira. Kila jaribio huongeza hesabu kwa bawabu. Jaribuni mara moja au mbili, mkiangalia herufi kubwa na ndogo, na nafasi tupu inayojipenyeza mwishoni mtu anaponakili nywila kutoka mahali pengine.

Pili, badilisheni njia. Zimeni waifai na mtumie data ya simu. Barua zikifunguka, nywila ni sahihi na tatizo liko kwenye mtandao wa nyumba. Zisipofunguka kwa njia zote mbili, hapo ndipo pa kuchunguza akaunti yenyewe.

Tatu, msikimbilie kubadilisha nywila. Mkiibadilisha, kila kifaa kinachoikumbuka ile ya zamani kitaanza kubisha kwa makosa, na tatizo litazidi. Ikilazimu kuibadilisha, andikeni orodha ya vifaa vyote vyenye akaunti hiyo na mvirekebishe siku hiyo hiyo.

Nne, tafuteni kifaa kilichosahauliwa: simu mbovu iliyo kabatini, kompyuta ya dukani, tableti ya watoto. Iondoeni akaunti humo. Kuzima na kuwasha ruta huweza kuleta anwani mpya kwa baadhi ya kampuni, lakini kifaa hicho kikibaki kitaifungisha nayo pia.

Tano, vifaa vyote vikiwa safi na mlango bado umefungwa, wapigieni wanaowahudumia barua pepe, muwape anwani yenu ya IP na kuwaomba waondoe kizuizi. Huenda aliyekosea ni jirani msiyemjua. Katika mazungumzo hayo hakuna haja ya kutaja nywila wala namba ya siri inayotumwa kwa simu. Anayeziomba ni tapeli.

Yapo pia makosa mengine yanayovaa vazi hilo hilo. Tangu tarehe 30 Mei 2022, Google haiziruhusu programu za zamani kuingia katika akaunti binafsi za Gmail kwa jina na nywila ya kawaida pekee. Programu hizo huweza kulalamikia nywila ilhali ni sahihi. Dawa ni kutumia programu mpya, au kuwasha uthibitisho wa hatua mbili na kuomba nywila maalumu ya herufi 16. Simu yenye tarehe isiyo sahihi nayo huweza kushindwa kuiamini seva. Na katika hoteli au uwanja wa ndege, barua hazitaingia mpaka ufungue kwanza ukurasa wa kukubali masharti yao.

Sura ya Al-Hujurat, katika aya ya 6, inatuamrisha tuhakikishe habari inayoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Aya ya 12 ya sura hiyo hiyo inatukataza kuwa na dhana nyingi. Iwapo habari ya mwanadamu huhakikishwa, vipi tuhukumu kwa maandishi ya mashine isiyojua hata ilichokataliwa?

Mama yule alijibu barua ya skuli jioni ile ile. Kumwomba radhi wifi yake kulikuwa kuzito zaidi. Alishuka ngazi mara moja, akarudi katikati ya njia, kisha akashuka tena na sahani ya kaimati mkononi. Mlango ukafunguliwa. Nami nikaaga, kwa kuwa yaliyobaki hayakuhitaji sheikh.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuhakikisha kabla ya kutamka, na azilinde nyumba zetu na fitina za ulimi na za mtandao. Amin.