Kabla ya Kulipia Safari ya Chalbi

Tangu barabara ya lami kutoka Isiolo hadi Moyale ikamilike, safari ya kaskazini mwa Kenya si jambo la watafiti na wafanyabiashara wa mifugo pekee. Mkazi wa Nairobi anaweza kuondoka alfajiri, akalala Marsabit usiku huo huo, na kesho yake akaliona jangwa la Chalbi. Kampuni za utalii zimelitambua hilo, na watu binafsi wenye magari makubwa wamelitambua pia. Matangazo yao hufanana: gari moja jeupe katikati ya uwanda wa chumvi, ngamia kwa mbali, jua linatua, kisha bei. Makala haya yanahusu yale ambayo picha hiyo haionyeshi, kwa kuwa hayo ndiyo mteja anayoyalipia hasa.

Tuchukue mfano. Familia ya watu sita inalipia safari ya siku nne, gari moja na dereva mmoja, kwa bei iliyo karibu nusu ya ile waliyotajiwa kwingine. Siku ya pili, baada ya kupita Maikona, dereva anaacha njia kuu ili wapige picha uwandani. Gari linatoboa ganda la chumvi na kuzama hadi ekseli. Hakuna sepetu wala mbao za kutegea magurudumu. Simu hazina mtandao. Maji yaliyobaki ni chupa chache zilizonunuliwa Marsabit, na wawili kati ya abiria ni watoto. Familia hiyo itakaa kivulini mwa gari ikisubiri lori au mchungaji, na hakuna anayejua watasubiri saa ngapi. Nusu ile ya bei waliyoiokoa ilikuwa ni bei ya gari la pili, maji ya akiba na simu ya setilaiti.

Ili kuelewa kwa nini hali hii hutokea, yafaa kujua Chalbi ni mahali pa namna gani. Si jangwa la vilima vya mchanga kama yale ya Uarabuni. Kwa sehemu kubwa ni sakafu ya ziwa lililokauka zamani, uwanda wa udongo na chumvi ulio kati ya mlima Marsabit, mlima Kulal na vilima vya Hurri. Wakati wa kiangazi uso wake huwa mgumu kama saruji, na dereva hushawishika kukanyaga mafuta. Mvua ikinyesha, maji ya milima hiyo huteremkia huko na uwanda hugeuka tope, na mahali pengine dimbwi. Kipindi cha hatari zaidi ni kile kinachofuata, wakati uso umekwisha kukauka na kung'aa huku tope likiwa bado bichi chini ya ganda. Tena mvua inaweza kunyesha mlimani wakati anga la jangwani ni jeupe. Kwa sababu hiyo tunawashauri wateja wawe waangalifu na safari zinazouzwa kati ya Machi na Mei, na tena kati ya Oktoba na Desemba, hasa pale muuzaji anapoahidi kwa uhakika kwamba uwanda utavukwa. Muuzaji mkweli husema: tutaamua tukifika.

Swali la kwanza la kumuuliza mwenye safari ni idadi ya magari. Tunaihesabu safari ya gari moja kuvuka Chalbi kuwa huduma pungufu, hata kama gari lenyewe ni jipya na lina nguvu katika magurudumu yote manne. Gari likikwama, kifaa bora cha kulinasua ni gari jingine lenye kamba. Familia isiyomudu magari mawili inaweza kuomba kuunganishwa na kundi jingine, au kukubaliana na dereva kwa maandishi kwamba hawataiacha njia kuu ya Maikona, Kalacha na North Horr, na kwamba uwanda watautazama kutoka ukingoni. Si aibu; jua hutua vilevile.

Swali la pili ni la vifaa, na hapa mteja hahitaji kuwa fundi. Dereva anayelijua jangwa hupunguza upepo wa tairi kabla ya kuingia mchangani, ili tairi litandae na lisizame, kisha huujaza tena akirudi kwenye njia ya mawe. Basi uliza tu kama gari lina pampu ya upepo. Jibu litakuambia mengi kuhusu mtu unayezungumza naye. Uliza pia idadi ya magurudumu ya akiba: kwa njia inayofika Loiyangalani na Ziwa Turkana, ambako mawe ya volkano hukata mpira, moja halitoshi. Uliza mafuta yatabebwa kiasi gani kutoka Marsabit, kwa sababu mbele ya mji huo mafuta huuzwa kwa bahati. Kuhusu maji, tunapendekeza angalau lita tano za kunywa na kupikia kwa kila mtu kwa siku, na akiba ya siku mbili zaidi ya ratiba. Visima vya Kalacha na Maikona ni vya wenyeji na mifugo yao. Gari la utalii linalopanga kujaza mitungi huko halikujiandaa.

Kiongozi wa safari naye huulizwa. Chama cha waongoza watalii wa Kenya, KPSGA, huwatahini wanachama wake katika ngazi tatu za shaba, fedha na dhahabu, na cheti hicho ni ushahidi mzuri kwamba mtu amesoma kazi yake. Hata hivyo, mtu anaweza kuwa bingwa wa ndege na simba wa Maasai Mara bila kuwahi kukanyaga Chalbi. Muulize ameivuka mara ngapi na mwezi gani mara ya mwisho. Safari nzuri huchukua pia mwenyeji wa huko, Mgabra au Mrendille, anayejua ni njia gani imefunguka wiki hiyo, ni wapi pana utulivu na ni wapi pana mvutano wa malisho. Uliza kama ujira wake umo ndani ya bei au utaombwa kuulipa njiani.

Tunafika sasa kwenye jambo ambalo wateja wengi hulipita haraka, nalo ni karatasi. Kampuni ya kuandaa safari hupaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, iliyoundwa chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, na gari hupaswa kuwa na leseni ya NTSA ya kubeba abiria kwa malipo. Siku hizi safari nyingi hupangwa katika makundi ya simu: mtu mwenye Land Cruiser yake huwakusanya watu wanane, kila mmoja huchanga, na jambo zima huitwa matembezi ya marafiki. Huenda wakawa marafiki kweli. Lakini bima ya gari la matumizi binafsi kwa kawaida haimlindi abiria aliyelipa nauli, na kampuni ya bima itauliza kuhusu mchango huo siku ya ajali. Omba kuona cheti cha bima kabla ya kutuma arubuni. Usiridhike kuambiwa kwamba kipo. Tunashauri vilevile kila msafiri awe na bima ya kusafirishwa kwa ndege akiugua au kuumia, kwa sababu kutoka North Horr hospitali kubwa iko mbali sana.

Isome ratiba ukiwa na ramani. Kutoka Nairobi hadi Marsabit pekee ni zaidi ya kilomita 500. Tangazo la usiku mbili linaloahidi Chalbi na Ziwa Turkana linakuuzia kiti cha gari na dereva asiyelala. Ziwa na jangwa kwa pamoja huhitaji siku sita au saba. Kama ratiba inataja mbuga ya Sibiloi, hakikisha ada ya kuingia imetajwa, na kama inataja vijiji, uliza ada ya jamii hulipwa nani.

Mkataba uandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja. Uwe na idadi ya magari, majina ya vituo vya kulala, kilichomo na kisichomo katika bei, na kifungu cha mvua. Kifungu hicho kijibu maswali matatu: nani ataamua kwamba njia haipitiki, safari mbadala itakuwa ipi, na mteja atarudishiwa kiasi gani. Maneno "arubuni hairudishwi kwa sababu yoyote" yanastahili kupingwa kabla ya kutia sahihi, kwa kuwa sababu inaweza kuwa kampuni yenyewe. Lipa kwa akaunti au nambari ya biashara yenye jina la kampuni, wala si kwa simu ya dereva, na uhifadhi stakabadhi pamoja na tangazo lenyewe.

Tangazo hilo lina uzito. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012, mteja aliyevutwa katika mapatano kwa maelezo ya uongo au ya kupotosha anaweza kuyavunja mapatano hayo na kudai fidia. Ukiahidiwa magari mawili na likaja moja, una haki ya kukataa kupanda, na ni rahisi kukataa ukiwa Marsabit kuliko ukiwa Kalacha. Piga picha ya gari lililokuja, andika saa, na uitumie kampuni malalamiko yako siku hiyo hiyo ukiwa bado na mtandao. Kampuni isipokurudishia haki yako, dai lisilozidi shilingi 1,000,000 linaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambako si lazima kuwa na wakili na ambako sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60.