Kilo Zilezile, Kasi Tofauti: Mafuta na Misuli Mwilini mwa Mchezaji

Msimu wa 2021/22, mshambuliaji wa Geita Gold, George Mpole, aliibuka mfungaji bora wa Ligi Kuu Tanzania Bara. Kijana wa Runzewe anayetamani njia hiyo hana haja ya kutafuta mfano wa mbali. Akiambiwa kuwa ni mzito, huenda akaanza kuruka milo. Hapo ndipo kosa linapoanza.

Chukulia wachezaji wawili, kila mmoja ana kilo 75 na urefu wa mita 1.70. Wa kwanza ana mafuta asilimia 10, yaani kilo 7.5, wa pili asilimia 22, yaani kilo 16.5. Tofauti ni kilo 9, karibu nusu ya ndoo ya maji ya lita 20. Mzigo huo hausukumi ardhi kama misuli isukumavyo, hubebwa tu. Katika mbio ndefu zilizonyooka huchosha, lakini katika kukata kona huumbua zaidi, kwa sababu mguu hulazimika kwanza kuusimamisha mwili wote, kisha kuurusha upande mwingine. (Wepesi hautokani na mwili pekee: beki anayesoma mapema nia ya mpinzani humwahi aliye mwepesi kuliko yeye.)

Zahanati ikigawanya uzito kwa kipeo cha pili cha urefu, wote wawili hupata takriban 26 na huandikwa kuwa wamezidi uzito. Kipimo hicho hakitofautishi misuli na mafuta. Utepe wa kupimia kiuno husaidia zaidi.

Anayejinyima chakula hupoteza mafuta na misuli kwa pamoja, akawa mwepesi kwenye mizani na mzito uwanjani. Hatari ni kubwa zaidi kwa anayeshinda machimboni akibeba mawe, kisha jioni akaenda mazoezini: nguvu anayotumia huzidi anayokula. Kwa msichana, hedhi inaweza kukoma na mifupa ikadhoofika. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitambua rasmi hali hii ya upungufu wa nishati, ikaonya kuwa huwapata wanaume pia. Mwanamke, isitoshe, kwa maumbile huhitaji mafuta mengi kuliko mwanamume. Asipimwe kwa kiwango cha kaka yake.

Mhudumu wa afya aliyeletewa mchezaji aliyepungua kasi asikimbilie kumlaumu kitambi. Aulize kuhusu milo, usingizi na hedhi. Apime wingi wa damu, maana malaria na kichocho, vinavyopatikana Kanda ya Ziwa, huweza kuleta upungufu wa damu. Mwenye mafuta ya ziada kweli apunguze taratibu, takriban nusu kilo kwa wiki, huku akiendelea na mazoezi ya nguvu, dagaa, maharage na michembe. Kisha kocha ampime muda wa kukimbia mita 20 kila baada ya wiki nne, kwenye uwanja uleule, kabla ya mazoezi mengine kumchosha.