Kufuga Kuku si Kufuga Ndevu

Kitenzi 'kufuga' kina maana mbili ambazo ni vyema zitenganishwe. Mtu hufuga kuku na ng'ombe, na mtu huyo huyo hufuga ndevu. Katika matumizi ya kwanza, kufuga ni kulisha, kunywesha, kukinga maradhi na kuhesabu. Katika matumizi ya pili, kufuga ni kuacha tu: asiyenyoa amekwisha kufuga. Mimi ni mwalimu wa lugha, wala si daktari wa mifugo, lakini naona kwamba katika nyumba nyingi za Pwani ya Kusini, kutoka Msambweni kupitia Ramisi hadi Lunga Lunga, maana ya pili imeimeza ya kwanza. Kuku hufunguliwa alfajiri, akajitafutia riziki jalalani, akarudi magharibi akiwa amebahatika kuponea mwewe na magari. Na mwenyewe akiulizwa, atajibu bila ya kusita kwamba yeye ni mfugaji.

Jambo hili lingekuwa dogo lau kungekuwa na riziki nyingine isiyotetereka. Wakazi wa Ramisi wanajua kuliko wengi kwamba haipo. Kiwanda cha sukari kilichoanzishwa hapo katika miaka ya 1920 kililisha vizazi vya Wadigo na vya wageni waliokuja kukata miwa, kisha mwaka 1988 kikafungwa. Miwa ilirejea katika karne hii chini ya kampuni nyingine, lakini imani ya zamani haikurejea nayo. Hoteli za Diani zilikimbiwa na watalii baada ya machafuko ya Likoni ya Agosti 1997, na zikafunga milango tena mwaka 2020 kwa sababu ya korona. Mgodi wa Base Titanium, uliosafirisha shehena yake ya kwanza mwaka 2014, ulimaliza uchimbaji mwishoni mwa mwaka 2024. Sibezi kazi za mishahara, na wala sisemi kwamba kuku atachukua mahali pa kiwanda. Nasema kwamba nyumba yenye kuku 20 wanaotunzwa, na ng'ombe mmoja anayekamwa, ina chanzo cha karo ambacho hakifungwi kwa amri ya mtu aliye mbali.

Kuna methali ambayo walimu wa Kiswahili tumeifundisha miaka nenda miaka rudi: kuku wa mkata hatagi, akitaga haangui, na akiangua halei. Aghalabu huwaeleza wanafunzi kwamba maana yake ni kuwa fukara hana bahati. Mimi naomba methali hii isomwe upya. Aliyeitunga alikuwa mtazamaji makini wa kuku, na ametaja hatua tatu ambapo mali hupotea: kutaga, kuangua na kulea. Kila hatua ina sababu yake, na kila sababu ina dawa yake, nayo si ghali.

Tuanze na kuku asiyetaga. Kuku wa kienyeji anayejitafutia mwenyewe hutaga mayai yapatayo 40 hadi 60 kwa mwaka. Jalalani hupata wanga wa kumtosha, lakini hapati protini wala chokaa ya kutengenezea ganda. Vyote viwili havijapungua katika pwani yetu. Vichwa vya dagaa, mchwa, mashudu ya nazi na majani mabichi humwongezea protini; makombe ya chaza yakitwangwa yakawa changarawe humpa chokaa. Maji safi yawepo mchana kutwa, hasa miezi ya kaskazi, kwa kuwa yai kwa sehemu kubwa ni maji. Banda liinuliwe kutoka ardhini, lipitishe hewa, na majivu yanyunyizwe katika viota ili kupunguza utitiri, ambao huwanyonya kuku damu usiku. Jambo moja lisifanywe kamwe: mahindi yaliyoota ukungu yasitupiwe kuku kwa hoja kwamba hayafai kwa watu. Sumukuvu iliua watu 125 katika maeneo ya Ukambani mwaka 2004. Sumu hiyo hiyo huharibu ini la kuku, na ng'ombe akiila hupenya hadi katika maziwa.

Hatua ya pili ni kuangua. Yai la kuatamiwa liwe safi, lisiwe na ufa, na lisizidi siku saba hadi kumi tangu litagwe. Lihifadhiwe mahali pa baridi na kivuli, si juu ya kabati chini ya bati. Kuku mmoja awekewe mayai 10 hadi 13, kulingana na mwili wake. Mfugaji mwangalifu huwasubiri kuku wawili au watatu wafikie hali ya kuatamia, akawawekea mayai siku moja, ili vifaranga vyote vitoke pamoja baada ya siku 21 na kulelewa kwa gharama moja. Siku ya saba, usiku, kila yai limulikwe kwa tochi: lenye mishipa ya damu lina uhai, na lisilo na kitu liondolewe. Jogoo mmoja huwatosha mitetea kumi, lakini asiachwe akapanda binti zake na wajukuu zake. Abadilishwe na jogoo wa mbali kila baada ya mwaka mmoja au miwili.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo kaburi la wengi, ni kulea. Tufanye hesabu ya darasani. Tuseme mama mmoja ana mitetea kumi, na kila mmoja anaangua vifaranga kumi mara tatu kwa mwaka. Hao ni vifaranga 300. Wakifa wanane katika kila kumi, anabaki na 60. Akiokoa nusu tu, anabaki na 150. Mitetea ni ile ile, na tofauti ya kuku 90 imetokana na malezi peke yake. Katika mwezi wa kwanza vifaranga visiachwe vikatembea na mama yao kwenye umande na mvua. Vifunikwe kwa tenga mchana, vilale penye joto usiku, na vilishwe kando ili wakubwa wasivinyang'anye. Mwewe, kicheche na nguchiro watatafuta chakula kwingine.

Lakini mwewe huchukua mmoja mmoja; kideri huchukua banda zima. Hili ndilo jina ambalo jirani zetu wa Tanzania huuita ugonjwa wa Newcastle, nao wengine huuita mdondo. Ulitambuliwa mwaka 1926 huko Java na katika mji wa Newcastle nchini Uingereza, na hadi leo hauna tiba. Kuku huzubaa, hupumua kwa shida, huhara kinyesi cha kijani, na wengine hupinda shingo kabla ya kufa. Anayenunua vidonge vya binadamu na kuvisaga ndani ya maji ametupa fedha. Kinga pekee ya kutegemewa ni chanjo. Ipo chanjo iitwayo I-2, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ambayo huvumilia joto kuliko chanjo za kawaida, ijapokuwa nayo yapasa kuhifadhiwa penye ubaridi. Tone moja katika jicho moja linatosha, nalo hurudiwa kila baada ya miezi minne. Wanaochanjwa wawe wazima, kwani chanjo haimponyi aliyekwisha kuambukizwa.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu na wanafunzi. Miezi minne ni nini kama si muhula? Shule za Kenya hufunguliwa mara tatu kwa mwaka: Januari, kuelekea Mei, na kuelekea Septemba. Kalenda ya chanjo, ambayo wafugaji wengi huisahau, imo tayari katika kalenda ambayo hakuna mzazi anayeweza kuisahau, kwa sababu inaandamana na karo. Isitoshe, chupa moja ya chanjo kwa kawaida ina dozi mia moja au zaidi, nayo ikishafunguliwa haiwekwi ikangojea wiki ijayo. Mwenye kuku wanane ataona hasara kuinunua peke yake. Nyumba kumi na mbili zikichanga, gharama huwa ndogo kuliko bei ya kuku mmoja. Ni nani anayeweza kuzikutanisha nyumba kumi na mbili asubuhi ya Jumamosi moja kwa wepesi zaidi ya shule? Kila muhula, Jumamosi ya kwanza, afisa wa mifugo wa kaunti aalikwe, wanafunzi washike daftari, na kuku wa kijiji kizima wachanjwe siku moja. Faida yake ni kubwa kuliko ya kila mtu na lake, kwa sababu kuku wa jirani asiyechanjwa ndiye anayekihifadhi kideri hadi msimu ujao.

Wahenga wametuachia pia sharti la karantini: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kuku aliyenunuliwa sokoni, au aliyeletwa zawadi kutoka harusini, afungwe peke yake kwa wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

Kwa mwenye kuku waliokwisha kumzoesha kuhesabu, hatua inayofuata ni ng'ombe wa maziwa. Soko lipo: Pwani huagiza maziwa mengi kutoka bara, na Diani haiko mbali. Hata hivyo wengi hununua ng'ombe wa gredi kwanza, ndipo wakaanza kutafuta nyasi. Utaratibu uwe kinyume chake. Nyasi ya Napier ipandwe kwanza, karibu ekari moja kwa ng'ombe mmoja na ndama wake, na ikatwe ifikapo kimo cha mita moja, kabla haijawa miti. Watafiti wa kituo cha Mtwapa walionyesha zamani kwamba ikichanganywa na miti jamii ya kunde kama lusina, lishe huwa bora. Ng'ombe anayekamwa huhitaji lita nne hadi tano za maji kwa kila lita ya maziwa anayotoa. Asiyekuwa na maji karibu na zizi asilaumu mbegu.

Adui mkubwa ni ndigana kali. Wazungu waliuita ugonjwa huu kwa jina la pwani yetu, baada ya ng'ombe waliosafirishwa kutoka Afrika Mashariki kuufikisha kusini mwa bara hili mwanzoni mwa karne ya 20. Huletwa na kupe wa kahawia wa masikioni. Tezi zilizo chini ya sikio huvimba, ng'ombe hushikwa na homa, hukohoa, na asipotibiwa mapema hufa. Masikio yakaguliwe kila siku, na dawa ya kupe inyunyizwe kila wiki kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Anayeizimua ili idumu huwafundisha kupe kuizoea. Ipo pia chanjo iliyobuniwa Muguga, karibu na Nairobi, katika miaka ya 1970, ambayo ng'ombe huchanjwa mara moja tu, na daktari wa mifugo. Walio karibu na Shimba Hills wana mbung'o wa kuwahofia vilevile. Wanasayansi wa taasisi ya icipe waligundua kwamba mbung'o humkwepa kuro kwa sababu ya harufu yake, wakaitengeneza harufu hiyo na kuitundika shingoni mwa ng'ombe wa Kwale, na maradhi ya nagana yakapungua.

Kalenda inatawala zizini pia. Ng'ombe ambaye hakushika mimba hurudia kutaka fahali baada ya siku 21 hivi, hesabu ile ile ya yai. Akionekana asubuhi, apandishwe jioni. Akionekana jioni, apandishwe kesho yake asubuhi. Akikaribia kuzaa, aachwe kukamwa kwa siku 60. Ndama anyweshwe dang'a katika saa sita za kwanza, kwa kuwa ndiyo kinga yake ya kwanza duniani. Na maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano ya dawa yasiuzwe mpaka zipite siku zilizotajwa na daktari. Mteja akidanganywa mara moja harudi.

Msomaji ameona kwamba karibu kila shauri nililolitaja linahitaji tarehe, na tarehe inahitaji kuandikwa. Tangu mwaka 2013 huduma za mifugo zimo mikononi mwa kaunti, na maafisa hawatoshi kuzuru kila nyumba. Lakini takribani katika kila nyumba ya Ramisi yuko mtoto anayejua kusoma na kuandika. Apewe daftari moja kuukuu. Aandike siku mayai yalipowekwa, vifaranga vilivyotoka na vilivyokufa, tone la chanjo lilipotiwa, lita zilizokamwa. Mwalimu wa hesabu atapata mifano isiyohusu treni zinazokutana njiani, mwalimu wa sayansi atapata maabara, na mwalimu wa Kiswahili atapata ripoti zenye jambo la kuripoti.

Huko ndiko kufuga kwa maana ya kwanza. Siku daftari hilo litakapojaa, huenda mwanafunzi akamwuliza mwalimu wake kwa nini methali inasema kwamba kuku wa mkata halei, ilhali wao wameuza kuku 40 na karo ya muhula imelipwa. Mwalimu atakayeulizwa swali hilo ashukuru, kisha aandike ubaoni tarehe ya chanjo ijayo.