Wasifu na Haki za Mtumiaji

Watahiniwa wengi huchanganya nenosiri na haki. Nenosiri hujibu swali: wewe ni nani? Haki hujibu: unaruhusiwa kufanya nini?

Chukua kompyuta ya shule inayohifadhi alama. Msimamizi wa mfumo hutengeneza wasifu kwa kila kazi, kisha humweka kila mtumiaji katika wasifu wake:

(a) Mwanafunzi: kusoma alama zake tu.
(b) Mwalimu: kusoma na kuandika alama za somo lake.
(c) Msimamizi: kufungua na kufunga akaunti, na kubadili haki.

Katika Linux, akaunti yenye haki zote huitwa root. Katika Windows, Administrator.

Kanuni kuu: mpe mtumiaji haki zinazotosha kazi yake, zisizidi. Mwalimu akihama, akaunti yake ifungwe mara moja. Walimu wote wakitumia akaunti moja ya msimamizi, alama ikibadilishwa kumbukumbu za mfumo zitaonyesha jina moja tu. Mkosaji hatajulikana, na asiye na hatia atashukiwa.

Zingatia: ukiambiwa "eleza", usiishie kutaja haki. Sema pia inazuia madhara gani.